Shajara ya mashua namba 62: kutoka ganda tupu hadi mstari wa kuanzia

Januari. Nilichonacho na ninachokitaka

Lengo: mashua ya matanga ya rimoti, ya daraja la International One Metre, yaani IOM, iliyopimwa na yenye cheti, iwe tayari msimu wa klabu utakapofunguliwa. Ninaanza na ganda la faibaglasi kutoka kwa mwanachama mwenzetu anayepunguza vitu karakanani kwake. Limekuja na pezi la kaboni, donge la risasi la kuning'inia chini ya pezi, na sanduku la vikorokoro vilivyochanganyika. Mlingoti haumo, matanga hayamo. Rimoti ninayo.

Nimechagua IOM kwa sababu ndiyo inayoshindaniwa klabuni, basi. Mashua ya rimoti isiyo na ya kushindana nayo ni pambo linaloelea. Wapo wenzetu wawili wenye Marblehead, daraja kongwe la tangu mwanzo wa miaka ya 1930: urefu inchi 50, matanga inchi za mraba 800. Lilizaliwa kabla ya redio kuingia kwenye mchezo huu, zama ambazo mwenye mashua alikimbia ukingoni na fimbo mkononi ili aiwahi inapofika nchi kavu. Ni vyombo vya kupendeza mno kuvitazama majini, lakini wakiwa wawili tu, mashindano yao huishia kuwa mazungumzo.

IOM ilianzishwa mwaka 1988, na kanuni zake zimeandikwa kwa jicho la kubana gharama. Ganda lisizidi milimita 1000. Chombo kizima kisizame zaidi ya milimita 420. Uzito usipungue gramu 4000. Pezi pamoja na risasi yake viwe kati ya gramu 2200 na 2500, usukani usizidi gramu 75. Ganda la kaboni ni marufuku, ni mbao au faibaglasi. Mlingoti ni wa aluminiamu au mbao. Matanga huja kwa seti tatu, A, B na C, na ukingo wa mbele wa tanga kuu una urefu wa milimita 1600, 1180 na 880 kwa mfuatano huo. Unaongoza vitu viwili tu kwa rimoti: usukani na demani, yaani kamba za kukazia na kulegezea matanga.

Mgeni akisoma orodha hii huuliza kwa nini risasi ni nyingi hivyo, zaidi ya nusu ya uzito wa chombo chote. Jibu ni kwamba mashua tumeipunguza, upepo hatukuupunguza. Chukua mashua ya mita kumi uifanye ya mita moja. Eneo la tanga linapungua mara mia, na kwa kuwa mlingoti nao umefupika mara kumi, nguvu ya kuilaza inapungua mara elfu. Lakini uzito umepungua mara elfu, na umbali ambao uzito huo unaivuta mashua isimame nao umepungua mara kumi. Kwa hiyo nguvu ya kuisimamisha imepungua mara elfu kumi. Katika upepo uleule, mtoto huyu ni mwepesi wa kulala mara kumi kuliko mama yake. Ndiyo maana farumi yetu, yaani uzito wa kuituliza mashua, haikai tumboni mwa chombo kama ya jahazi, inashushwa chini kabisa kwenye ncha ya pezi refu. Karibu kila tatizo nitakaloliandika humu lina mzizi wake hapo.

Februari. Ganda

Rangi ya zamani imetoka kwa msasa wa maji. Chini yake kumeonekana nyufa mbili ndogo karibu na sanduku la pezi, mahali panapochoka kwenye ganda lolote la aina hii, kwa sababu kila mashua ikilala, risasi ya kilo mbili na nusu inapalazimisha. Nimekwangua pande zote, nimelaza kitambaa chepesi cha faibaglasi kwa epoksi ndani, na kuongeza ukuta mdogo wa mbao nyepesi kutoka sanduku la pezi hadi kitako cha mlingoti. Pasipo ukuta huo sitaha hunepa mlingoti unapokazwa, na sitaha ikinepa hakuna kipimo cha matanga kitakachotulia.

Kipimo cha kuvuja ni cha bei ya mate. Unaziba matundu yote kwa utepe, unaacha moja, unaingiza mrija na kupuliza taratibu kwa mdomo huku mwenzako akipaka povu la sabuni kwenye viungo. Nasema mdomo na ninamaanisha mdomo. Pampu ya matairi itakupasulia sitaha. Povu lilichemka sehemu mbili: kwenye bomba la usukani, na kwenye pete moja ya kufungia waya wa ubavuni. Pete imewekewa epoksi upya. Bomba limejazwa grisi nzito, na litakuwa likijazwa tena kila baada ya muda, kwani hapo hakuna dawa ya kudumu.

Omo, yaani ncha ya mbele ya mashua, limewekewa kifuniko kipya cha mpira. Kanuni inadai milimita kumi za mwanzo za ganda ziwe za kitu laini, na mpira huo unahesabiwa ndani ya ile milimita 1000. Mwenye kuona ni urembo hajawahi kugongwa ubavuni na chombo cha kilo nne kinachokwenda kasi.

Februari mwishoni. Umeme

Winchi ya demani imekaa katikati, chini, karibu na sanduku la pezi. Kamba inatoka kwenye gurudumu la winchi, inakwenda hadi kapi karibu na omo, inarudi, na mpira wa kunyumbuka unaivuta muda wote isilegee. Kamba ikilegea hata kidogo wakati matanga hayana upepo, huruka kwenye gurudumu, huzunguka mhimili na kujifunga. Hapo mashua inabaki na matanga yaliyokazwa katikati ya bwawa, na wewe na rimoti yako mnatazamana.

Mipaka ya winchi imewekwa kwenye rimoti: mwisho mmoja matanga yamekazwa kwa kubisha, yaani kwenda kwa pembe kuukabili upepo, mwisho mwingine yamefunguka mpaka karibu nyuzi tisini. Kijiti cha usukani nimekipunguzia ukali katikati. Usukani ukigeuzwa sana huwa breki, na katika kupindua, yaani kugeuza mashua ipokee upepo upande wa pili, breki ndiyo kitu usichokitaka.

Betri ni ya LiFe, aina moja ya lithiamu, seli mbili, volti 6.6, ambayo winchi na risiva, yaani kipokea ishara za rimoti, vinaipokea moja kwa moja. LiPo, aina nyingine ya lithiamu, ya seli mbili ikijaa hufika volti 8.4, na si kila winchi inapenda hivyo.

Waya mbili za antena zimepandishwa hadi chini ya sitaha, mbali na kaboni ya pezi, zikiwa zimekaa pembe mraba moja na nyingine. Mawimbi ya 2.4 GHz hayapiti majini, kwa hiyo antena iliyo chini ya usawa wa maji ni kipofu. Wazee wa klabu wanakumbuka redio za 27 na 40 MHz, ambapo kila mtu alikuwa na fuwele yake ya kuchagua masafa na mbao yenye vibanio ilining'inizwa ukingoni. Bila kibanio cha masafa yako mkononi, huwashi. Mtu akiwasha bila ruhusa, mashua ya mwenzake ilianza kumtii yeye. Siku hizi ugomvi huo haupo, ingawa mingine imebaki salama.

Jambo la mwisho hapa, ambalo wengi hulipuuza: rimoti imefundishwa la kufanya ishara ikikatika. Matanga yalegee yote, usukani ukae katikati. Chombo kilicholegezwa huelea polepole kuelekea upande wa demani, yaani kule upepo unakoelekea, na mwishowe hufika ukingoni. Chombo kilichokazwa huondoka.

Machi. Mizani

Kila kitu kikiwa mahali pake pamoja na seti A, mizani imesoma gramu 3890. Kwa hiyo zimeongezwa gramu 110 za risasi ya bapa, zimegandishwa ndani kando ya sanduku la pezi. Nafasi yake haikuchaguliwa kwa jicho. Mashua iliwekwa kwenye beseni refu, na risasi ikasogezwa mbele na nyuma mpaka ncha ya chini ya omo na ukingo wa chini wa tezi, yaani sehemu ya nyuma ya mashua, vyote viguse maji kwa wepesi. Tezi ikizama, inaburuta maji. Omo likizama, tutalipia siku ya upepo mkali.

Mpimaji wa klabu amepita na rula zake. Kina cha chombo milimita 417. Amesema maneno machache, akaandika mengi. Cheti kimepatikana, namba 62 nayo imekubaliwa.

Machi mwishoni. Mlingoti na matanga

Hapa ndipo muda wangu mwingi ulipokwenda, na sijutii hata saa moja.

Klabuni kwetu kuna dada mmoja ambaye ganda lake ni la zamani kuliko magari ya wanachama wengi. Lina viraka vya kuhesabu. Anashinda. Nilimwomba anionyeshe siri, akafungua kifuniko cha sitaha na kutoa kadi iliyofunikwa plastiki yenye safu za namba. "Kaka, mimi sina kipaji," akasema. "Mimi nina kadi." Kila asubuhi ya mashindano yeye hairekebishi mashua kwa hisia, anairudisha kwenye namba zilizoshinda mara iliyopita katika upepo kama ule, kisha anabadili kitu kimoja tu, anaandika.

Nimeamua mradi wote uwe hivyo. Ushindi wa mbio hizi hauletwi na ganda jipya. Mshindi ni mtu ambaye mashua yake leo ni ileile ya juzi, kwa hiyo anajua kilichobadilika ni nini. Kwa hiyo kila kamba kwenye mlingoti huu ina alama, na kila alama ina namba.

Mlingoti ni bomba la aluminiamu la milimita 11. Nimeupinda kidogo sehemu ya juu kurudi nyuma kabla ya kuufunga, kwa kuuviringisha na kuubonyeza taratibu juu ya gogo, ili waya wa nyuma ukikazwa mlingoti ujipinde mahali ninapotaka, si popote tu. Waya wa nyuma ndio wenye kazi nyingi kuliko kamba zote: ukiukaza, unaupinda mlingoti, unalipunguzia tumbo tanga kuu, unaukaza ukingo wa tanga la mbele, na unafungua sehemu ya juu ya tanga ili upepo uliozidi upite. Kamba moja, mambo manne. Ndiyo maana mtu huikaza kwa sababu moja na kushangaa kuharibikiwa na tatu.

Matanga ya seti A ni ya filamu nyembamba ya plastiki, mikroni 50, yaliyoshonwa, au tuseme yaliyobandikwa, kwa vipande vitano. Tumbo la tanga halitokani na kulegeza filamu. Linatokana na maungio. Kila kipande kimekatwa na mkunjo mdogo ukingoni, na vikibandikwa kwa utepe wa gundi pande mbili juu ya kibao chenye mgongo, tanga linazaliwa likiwa na umbo. Haya nimenunua kwa fundi wa matanga ambaye ni mwanachama. Ya seti B nitajaribu kuyatengeneza mwenyewe, kwa kuwa ni madogo na upepo mkali husamehe umbo baya kuliko upepo mwepesi.

Ufito wa chini wa kila tanga tunauita bumu. Bumu la tanga la mbele halifungwi kwenye ncha, limeshikiziwa kwenye kiungio kinachozunguka, kiasi cha robo ya urefu wake kutoka mbele. Kwa hiyo sehemu ndogo iliyo mbele ya kiungio huvutwa juu na waya wa mbele, na nyuma kushuka. Kinachozuia kushuka huko ni kamba nyembamba itokayo juu ya ukingo wa mbele hadi ncha ya nyuma ya bumu, na urefu wa kamba hiyo ndio unaoamua msokoto wa tanga la mbele. Milimita mbili za kamba hiyo nimeziona zikiibadilisha mashua kuliko gramu hamsini za uzito.

Kuhusu msokoto, maana unazungumzwa sana na kupimwa kidogo. Upepo karibu na maji hukwama, juu huenda kasi zaidi, na kwa chombo kinachosonga, hiyo ina maana kwamba upepo unaofika juu ya tanga unatoka pembeni zaidi kuliko ule wa chini. Tanga lisilo na msokoto litakuwa sawa chini na limekazwa kupita kiasi juu. Msokoto ukizidi, juu linapepea bure. Ninavyopima: mashua juu ya kitako chake, matanga yamekazwa kama ya kubisha, unaweka kijiti kilichonyooka kutoka ncha ya nyuma ya bumu hadi kichwa cha tanga, kisha unapima pengo kati ya kijiti na ukingo wa nyuma wa tanga katikati ya urefu wake.

Kadi ya kwanza ya seti A, upepo wa wastani: bumu kuu milimita 12 kutoka mstari wa katikati. Bumu la mbele milimita 50. Msokoto wa tanga kuu 30, wa mbele 35. Tumbo la chini la tanga kuu 18 kutoka bumu. Waya wa nyuma alama ya pili. Ukisimama nyuma ya mashua na kutazama, kingo mbili za nyuma za matanga zinapanda zikiwa sambamba, na uwazi kati yake ni mmoja kutoka chini hadi juu. Jicho linaupenda mstari huo hata kabla ya kujua sababu.

Kwa upepo mwepesi sana nimeandika safu ya pili, na inawashangaza wageni: tumbo linapunguzwa, haliongezwi. Hewa inayotambaa haina nguvu ya kufuata mkunjo mkubwa, inajitenga na tanga nusu njia. Msokoto ndio unaoongezwa.

Aprili. Majini

Mara ya kwanza majini kwa chombo chochote kipya huwa nafanya kitu kimoja tu, natafuta mizani ya usukani. Mashua inapobisha, naachia kijiti. Ikianza kupanda yenyewe polepole kuelekea joshini, yaani kule upepo unakotoka, ni sawa. Ikipanda kwa haraka, kila mara nitakuwa nikiizuia kwa usukani, na usukani uliogeuzwa unaburuta maji. Ikishuka kwenda demanini, haitabisha vizuri na kwenye upepo wa ghafla haitajitetea.

Namba 62 ilipanda kwa haraka. Mlingoti umesogezwa mbele tundu moja kwenye kitako chake, na waya wa mbele umefupishwa ili mkao ubaki uleule. Sasa inapanda kwa staha.

Kasi yake haitawahi kushangaza kwa namba. Chombo kinachosukuma maji hakipendi kulikimbia wimbi lake chenyewe, na kwa urefu wa mita moja majini mpaka huo ni karibu mita 1.25 kwa sekunde, mwendo wa mtu asiye na haraka. Lakini mtazame mtu huyo asiye na haraka akiwa amelala nyuzi thelathini, maji yakipita juu ya sitaha, na mwenzake yuko sentimita kumi pembeni.

Magugu maji ni kodi ya bwawa letu. Yakinasa kwenye pezi mashua inaanza kuwa nzito bila sababu inayoonekana. Dawa: ielekeze omo kwenye upepo, iache isimame, iache irudi nyuma kinyumenyume urefu wa chombo kimoja au viwili, na magugu mengi huteleza yenyewe. Katikati ya mbio inauma, ila kuendelea nayo kunauma zaidi.

Aprili mwishoni. Mashindano ya klabu

Tunakwenda kwa kanuni zilezile za mashindano ya matanga ya World Sailing, shirika la dunia la mchezo huu, pamoja na Kiambatisho E kinachohusu mashua za redio. Tofauti zake si nyingi lakini zinabadilisha mchezo. Eneo la boya, ambamo aliye ndani anapewa nafasi ya kuzunguka, kwa mashua kubwa ni urefu wa chombo mara tatu. Kwetu ni mara nne. Kosa hulipwa kwa mzunguko mmoja, wenye kupindua kwa joshini mara moja na kwa demanini mara moja, na unafanyika upesi mbali na wengine. Na namba huitwa tarakimu moja moja: sita-mbili, si sitini na mbili. Utamaduni huo unaonekana wa kipuuzi mpaka mashua kumi zikusanyike kwenye boya na watu kumi wazungumze kwa pamoja.

Msingi unabaki uleule. Anayepokea upepo kulia ana njia, anayepokea kushoto anampisha. Wote wakiwa upande mmoja, wa joshini anampisha wa demanini. Nusu ya pingamizi zetu zinamalizwa na sentensi hizo mbili, na nusu nyingine zinatokana na kwamba hakuna aliyeona sawasawa.

Hilo la kuona lina uzito kuliko lote lingine. Hatuko ndani ya chombo. Tumesimama ukingoni, boya la joshini liko mbali, na kwa mbali jicho halijui kilicho mbele na kilicho nyuma. Mashua mbili zinazoonekana kugongana zina mita mbili kati yake. Zinazoonekana kuachana, zimeshagusana. Kulijua boya liko upande gani wa tanga lako, dawa ninayoitumia ni kumtazama anayenitangulia: nafasi aliyopindulia, na kama amelifikia au amelipita. Wenzangu hujipanga pamoja mwanzoni mwa eneo la kuongozea. Mimi huteremka hadi nilingane na mstari wa kuanzia, nirudi baadaye.

Na mashua inapokuja kukuelekea, kushoto kwake ni kulia kwako. Wapya huambiwa wageuze mwili uelekee inakokwenda mashua, na kuitazama kwa kugeuza shingo. Wengine huambiwa wasukume kijiti upande ule tanga linakoegemea. Mimi naona kila mtu huja na ujanja wake na hakuna ujanja unaomfaa wa pili.

Kuanza: sauti inahesabu. Dakika ya mwisho hutangazwa kila sekunde kumi, na sekunde kumi za mwisho moja moja. Mzee anayeshika saa ana sauti isiyobadilika kabisa, hata akiona tisa wanasukumana mbele yake. Nimeanza kutoka upande wa boya la kushoto la mstari kwa sababu kule kwa kulia kuna msongamano, na mashua iliyo katikati ya msongamano hunyang'anywa upepo na kila tanga lililo joshini kwake. Kuwa na upepo safi ukiwa wa nne ni bora kuliko kuwa wa pili chini ya kivuli cha mwenzako.

Baada ya mbio za pili Mzee wa saa aliniita pembeni.

"Mwanangu, unaitazama sana mashua yako."

"Ndiyo, Mzee. Nitazame nini?"

"Yako imeshapata upepo wake, huna la kuifanyia. Mtazame aliye juu. Akilala, utalala."

Tangu hapo nimekuwa nikitazama viwimbi na wenye kutangulia, na kijiti kinashughulikiwa na kidole. Katika mbio zilizofuata nilipanda kutoka katikati ya kundi hadi wa tatu, mara moja nikiwa wa pili. Mfumo wetu wa pointi ni wa kuhesabu kidogo, wa kwanza anachukua pointi moja, wa pili mbili, na mwenye chache mwishoni anashinda. Dada wa kadi alikuwa na chache kuliko wote, kama kawaida yake, na alitumia muda wa mapumziko kuandika.

Safu iliyoongezwa kwenye kadi yangu: upepo uliopanda kidogo, waya wa nyuma alama ya tatu, tumbo la chini 15. Nilichobadili ni waya, nikaacha vingine vyote, na mashua ilipanda joshini zaidi bila kupoteza mwendo.

Mei. Upepo mkali na seti B

Seti A kwa mashua yangu inafika karibu noti (kipimo cha kasi ya upepo) 12 hadi 14, kisha inakuwa mateso. Dalili ya kwanza si kubisha, ni kwenda na upepo wa tezi. Matanga yanasukuma juu, omo linashuka, sitaha inatoweka, na kwa sekunde moja tezi na usukani viko hewani na hakuna wa kuongoza chombo. Kisha kinasimama ghafla na kugeuka kinakotaka. Ukubwa wa nguvu hii ndio ule niliouandika Januari: upepo ni wa mashua kubwa, omo ni la ndogo.

Kuna njia mbili za kupunguza. Usiende na upepo moja kwa moja, ielekeze pembeni kidogo, ili mwili wa mashua ulale kando na usizamishe omo peke yake. Na usizifungue demani zote. Lakini ukishafika hapo, ni wakati wa seti B.

Matanga ya B nimeyatengeneza kwa filamu nzito kidogo kuliko ya A, vipande vitatu. Kibao cha kubandikia nilikiazima kwa fundi wa matanga, ambaye alisimama pembeni akitazama mikono yangu na kusema kwa upole, "Ongeza mvuto, Kaka, ongeza mvuto." Tumbo limekuwa dogo kuliko nilivyokusudia, jambo linalofaa kwa upepo wa aina hiyo. Msokoto wa tanga kuu 25, wa mbele 30, waya wa nyuma umekazwa tangu mwanzo. Mlingoti unaingia kwenye kitako tundu lilelile.

Siku ilipopatikana yenye upepo wa kutosha, wengine walibaki na A kwa kuamini utapungua. Haukupungua. Walioanza na B walipita boya la kwanza wakiwa wamesimama wima na wale wa A walikuwa wakilala hadi tanga linagusa maji. Kwenye mkondo wa kwenda na upepo, matanga ya B yalifunguka pande mbili, kuu kulia na la mbele kushoto, na omo likabaki juu. Nilimaliza wa kwanza kwa mara ya kwanza, ingawa sehemu ya sifa hiyo ni ya waliobaki na A.

Mei mwishoni. Kilichobaki

Seti C haijaanza. Mlingoti wake umeshakatwa, filamu ipo, kibao kimerudi kwa mwenyewe na itabidi nimwombe tena. Kwa msimu huu sidhani tutapata siku nyingi za kuihitaji, ila kanuni inaruhusu na siku hiyo ikija sitaki kuwa mtazamaji.

Bomba la usukani limeanza kuruhusu matone, kama lilivyotarajiwa, grisi mpya.

Winchi inatoa sauti ya kusaga inapofika mwisho wa kukaza. Mpira wa kuvuta kamba umechoka, naubadilisha kabla ya mbio zijazo na kuukagua upya mpaka wa kukaza kwenye rimoti.

Kwenye kadi ya B safu ya upepo wa juu kabisa iko tupu. Nitaanza na waya wa nyuma alama ya nne, msokoto wa mbele 33, na kuacha mengine yote yalivyo.